Kikapu Hakikuwa na Kipande cha Kula

Ngonyani alikuwa katikati ya barua ya kwenda kwa Mkuu wa Wilaya pale mkono wake wa kulia ulipoanza kumega ugali.

Ugali wenyewe haukuwepo. Kulikuwa na meza, kioo cha kompyuta, na ile glovu nyembamba ya kijivu ambayo kila karani wa Iringa anaivaa tangu kibodi zilipoondolewa maofisini. Vidole vikafinya hewa, vikaviringisha tonge, dole gumba likabonyeza shimo la mchuzi, mkono ukapanda mpaka mdomoni. Kisha ukashuka kufuata la pili. Kwenye kioo, barua ya maombi ya maji ikawa inajaa herufi ambazo hata shetani asingezisoma.

"Mhehe!" akanguruma. "Mla mbwa wewe, toa uchafu wako kwenye mkono wangu!"

Mimi nilikuwa nyuma ya kabati, nimejishika tumbo kwa kicheko.

"Si ulisema njaa inakuuma? Kula, Mngoni, usione haya. Kwetu hata mateka wanalishwa vizuri."

"Mateka nani? Babu yako alipomwona babu yangu alikimbia akaacha ngao, mkuki na mke!"

"Mke alimwacha makusudi. Alikuwa anakoroma."

Kutoka chumba cha ndani Mama Kikoti, bosi wetu, akauliza bila hata kuinua sauti: "Watani, hiyo barua ya maji imekwisha, au wananchi wanywe vumbi?"

Ilikwisha kabla ya chai. Siku hizo kila kitu kilikuwa kinakwisha mapema, na sababu ilikuwa Kikapu.

Zamani Ngonyani alikuwa mtu wa kimoja kimoja. Barua za ofisi zote ni ndugu: anuani, tarehe, "Husika na kichwa cha habari hapo juu," shukrani, wako mtiifu. Yeye alifungua barua ya zamani, akakopi anuani, akarudi kwenye mpya, akabandika. Akaenda tena, akachukua "Husika," akarudi. Akaenda tena. Mashine ilikuwa na nafasi moja tu ya kushikilia kitu, kama kiti cha kinyozi: akikaa mwingine, aliyekuwepo lazima ainuke. Ukisahau kubandika kabla hujakopi kingine, imekula kwako. Mimi nilimtazama mpaka nikachoka kwa niaba yake.

"Mngoni, kwa nini unaenda kisimani na kikombe? Beba ndoo."

"Ndoo gani tena?"

Nikamwekea Kikapu. Ni programu ndogo tu, haina makuu. Kila unachokopi kinaingia humo, na ukikopi kingine, cha kwanza hakifukuzwi, kinasogea chini. Unaitaka anuani ya asubuhi? Fungua, ipo. Umesahau ulikiweka wapi? Andika neno moja, kitakutafutia. Unachokitumia kila siku unakipiga pini, kinakaa juu hapo hapo. Kisichopigwa pini kinasukumwa chini taratibu, mpaka siku moja kinadondoka na hukioni tena.

Alinuna kidogo, maana wazo lilikuwa limetoka kwa Mhehe. Halafu akaanza kupiga pini. Muda si mrefu kazi ya kutwa ikawa inaisha kabla ya adhuhuri, na Ngonyani anakaa anatafuna karanga na kuwatukana makocha wa mpira.

"Kumbe ujana wangu wote umeishia njiani," aliniambia. "Naenda, narudi. Naenda, narudi."

Kikapu chetu kilikuwa kimoja kwa meza mbili. Alichokiweka yeye nilikiona, nilichokiweka mimi alikiona. Basi lilipotoka toleo jipya, lile linaloweza kukopi mwendo wa mkono na siyo maneno peke yake, unaweza kukisia nani alilala kwa furaha.

Ofisi za watu wazima zililitumia kugonga mihuri na kukunja bahasha. Mimi nikawa namvizia Ngonyani. Anavyofukuza nzi, nikapiga pini. Anavyojikuna sikio kwa kidole cha kati akisikiliza uongo, pini. Anavyopepeta karanga kiganjani, anavyopiga meza mpira ukitajwa, anavyovuta suruali juu kabla ya kuingia kwa bosi. Nilikuwa na mkusanyiko wa kuvunja mbavu. Mtu akiingia ofisini Ngonyani hayupo, navaa glovu yangu, nabandika, na mkono wangu unakuwa yeye kabisa. Hata Mama Kikoti alikuwa anatoka chumbani kwake kuja kuangalia.

Mwenyewe alijua. Mtani hafichwi. Alisema siku nikifa atakuja kwenye matanga yangu na vituko vyangu vyote, awafanye ndugu zangu wacheke mpaka wasahau kumwaga mchanga.

Kile kipande cha kumega kilikuwa cha kwangu mwenyewe. Kukipata ilibidi nile chakula cha mchana na glovu ndani ya mfuko wa nailoni, jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili analifanya. Kula na glovu ni kama kulala na viatu. Watu wote wanaivua, wananawa, wanakula.

* * *

Kiharusi kilimkuta Ngonyani Jumapili, anafunga vifungo vya shati aende kanisani. Mdomo ulirudi haraka. Mguu ukafuata kwa kuburuta. Mkono wa kulia ulibaki huko huko ulikokwenda.

Nikapanda gari la waya, lile linaloning'inia juu ya mji, mpaka kwake Kihesa. Mkewe, Mama Kolumba, alinipokea mlangoni, akaniambia kabla sijakaa:

"Shemeji, mwenzio hali."

"Hali kabisa?"

"Anakula. Hali na watu." Alikuwa anakunja khanga ileile, anaikunjua, anaikunja. "Nikitaka kumlisha anafumba mdomo kama mtoto wa kunyweshwa dawa. Kijiko hataki. Mkono wa kushoto hataki hata kuusikia. Uji, kwa mrija, na mlango umefungwa. Mwezi wa pili huu sijamwona anatafuna."

"Atazoea."

"Jumamosi ya wiki ijayo Kolumba anapata kipaimara. Kaka za mwenzio wanakuja wote kutoka Peramiho, na kwao unakujua, wanaume sinia moja. Ameshaniambia siku hiyo ataumwa tumbo." Akacheka kicheko kisicho na kicheko. "Amepanga kabisa, shemeji. Binti yake wa pekee, na yeye amepanga kuumwa tumbo."

Nikaingia chumbani. Alikuwa amekaa kitandani, mkono wa kulia ameulaza juu ya mto kama mgeni aliyelala mapema. Nilikuwa nimekuja na matusi mazuri ya njia nzima, yote yakanikwama.

"Mbona husemi?" akauliza. "Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kuchukua ng'ombe wangu. Mtani akiugua tunachukua mapema, kabla ndugu hawajagawana."

"Ng'ombe sina." Akautazama mkono. "Chukua huu. Haufanyi kazi."

Tulicheka wote wawili, lakini nilitoka na ile sentensi. Nilikuwa nayo kwenye gari la waya, nilikuwa nayo nikipika. Chukua huu. Halafu nikaacha sufuria motoni nikakaa chini, kwa sababu nilikuwa nimeshauchukua. Zamani. Upo kwenye Kikapu, umepigwa pini.

* * *

Glovu haina akili kiasi hicho. Ukikunja kidole, kinachovuta ni kano, zile kamba zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Glovu inazisikiliza kamba. Kufukuza nzi au kumpungia mchumba, yenyewe haijui tofauti, inachojua ni kamba ipi imevutwa, kwa nguvu gani, ikafuata ipi. Ukibandika, nyuzi zake zinavuta mkono kwa mpangilio uleule, na vijiumeme vinaigutua misuli. Hayo niliyasoma kabla sijaacha chuo, na mtihani wake nilifeli, lakini kubandika hakuhitaji cheti.

Hospitali walikuwa na glovu za wagonjwa. Zilikuja na mwendo wa kiwandani, wa mtu ambaye hana jina. Ngonyani alijaribishwa akaivua.

"Ule mkono unanishika kama polisi," alisema. "Nikitaka kwenda huku, unanipeleka kituoni."

Sasa nilikuwa Kihesa tena, nimekaa kwenye kigoda mbele yake, glovu yangu nimemvalisha yeye, simu mkononi. Nikaandika NGONYANI. Kikapu kikatafuta. Miaka yote ya kazi yake, kukunja, kuandika, kutia sahihi, ilikuwa imeshasukumwa chini na kudondoka, maana nani angeipiga pini? Vilivyobaki ni vile vyangu vya kuchekesha.

"Tayari?"

"Bandika."

Mkono ukatetemeka juu ya mto. Ukainuka kama mtu anayeamka bila kujua yupo nyumba gani, ukapanda, ukapanda, kidole cha kati kikaingia sikioni, kikajikuna.

Ngonyani alifumba macho. Chozi likatoka upande mmoja, likashuka mpaka kwenye ndevu.

"Nimejikuna sikio," akasema.

"Umejikuna."

"Ni mimi huyu. Hivi ndivyo ninavyojikuna. Lete kingine."

Nikaleta nzi. Akafukuza nzi ambao hawakuwepo, kwa dharau yake ileile. Nikaleta karanga, nikaleta kupiga meza, akaupiga ubao wa kitanda mpaka Mama Kolumba akagonga mlango kuuliza kuna nini.

"Lakini Mhehe, mbona umehifadhi upuuzi mtupu?"

"Kwani kuna kingine ulikuwa unafanya?"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaufuta uso kwa kushoto, akaniangalia kwa namna ambayo hajawahi kuniangalia.

"Sasa niwekee cha kula."

Nikaandika. Kikapu kikafikiri, kikajibu kwenye simu: *Pengo. Hakuna kipande cha kula cha Ngonyani. Kilicho karibu: kumega, cha Mgaya. Nikibandike hicho?*

Mgaya ni mimi.

Bila shaka hakikuwepo. Wakati wa kula watu wanavua glovu. Dunia nzima ingeweza kutafutwa, pengine ni mkono wa Mhehe mmoja mpumbavu tu uliowahi kukopiwa ukila ugali wa Iringa.

"Kipo?" akauliza.

"Kipo," nikasema. Na kweli kilikuwepo.

Mama Kolumba akaleta ugali na mboga ya majani ya maboga, akaweka, akatoka haraka maana hakutaka kufukuzwa. Nikabonyeza. Mkono ukashuka, ukamega, ukaviringisha, dole gumba likazama katikati ya tonge, likachota mboga, ukapanda. Akatafuna huku ameushikilia ubao wa kitanda kwa kushoto kama yupo kwenye lori. Akameza.

"Mama Kolumba!" Sauti ilitoka ile ya zamani, ya ofisini. "Njoo uone! Mkono wangu umerudi!"

Alikuja mbio. Akasimama mlangoni, akamwangalia mumewe akimega la pili, la tatu. Alitabasamu. Lakini macho yake hayakuwa usoni kwa mumewe. Yalikuwa kwenye dole gumba.

* * *

Alinisindikiza mpaka karibu na kituo cha gari la waya. Tulipovuka kibao cha wauza parachichi akasimama.

"Huyu hamegi hivyo," akasema.

Nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

"Shemeji, inuka. Nimempikia miaka yote hiyo. Yeye humega kubwa, anafinyanga, anatia. Shimo habonyezi. Anayebonyeza shimo kama anachimba kisima ni wewe. Nakuona kila mkija hapa."

"Kikapu hakikuwa na cha kwake."

"Na hukumwambia."

"Ulimwona uso wake?"

"Nilimwona." Akavuta khanga mabegani. "Ndiyo maana nakuomba unyamaze. Angalau mpaka wageni waondoke. Ale na kaka zake siku hiyo. Mtoto amwone baba yake amekaa na watu. Baada ya hapo mtajuana wenyewe."

"Kuna jambo moja," nikasema. "Yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale hospitali, nilimuuliza. Anasema mshipa wa fahamu ukikatika njia, unaota njia nyingine. Na unaotea kwenye kile kinachorudiwa. Kila tonge analokula na glovu ile, ananiotesha mimi. Ikifika mwisho ataivua, mkono utafanya kazi, na utakuwa unamega kama Mhehe mpaka kaburini."

Mama Kolumba alifikiri. Nampenda kwa hilo, hajibu kitu mpaka akipime.

"Na akijua, atakula?"

"Sijui."

"Mimi najua," akasema. "Atairudisha glovu yako na kufunga mlango."

Nikapanda gari. Mji ulikuwa chini yangu, mabati na miti, na abiria mbele yangu alikuwa anamenya chungwa. Alilimenya kwa ganda moja refu lisilokatika, na mwanamke wa pembeni yake alikuwa anamfunga mtoto mgongoni kwa fundo ambalo sijawahi kuliona kwetu. Nikajitazama dole gumba langu. Hili shimo nililitoa wapi? Sikuzaliwa nalo. Nikakumbuka mjomba wangu, kule Kalenga, akiketi nasi watoto, shimo lake limejaa mchuzi kama bakuli, na sisi tunamwangalia kwa wivu. Nilimkopi. Na yeye alimkopi mtu. Pengine hakuna mkono hata mmoja duniani wenye mwendo wake mwenyewe, wote tumebandikwa, na Kikapu ni mchelewaji tu kwenye biashara ya zamani.

Hoja hiyo ilinifurahisha kwa vituo viwili. Halafu ikaharibika. Mjomba nilimwangalia kwa macho yangu, nikamtamani, nikamwiga. Hakuna mtu aliyenivizia nimelala akanitia mjomba mkononi.

Na kulikuwa na jambo jingine, dogo, la aibu. Mngoni anakula kwa mkono wa Mhehe! Babu zangu wangefufuka kuusikia utani huo. Ulikuwa mkubwa kuliko utani wote niliowahi kuupata, na nilikuwa nao tumboni, na siwezi kuutoa. Nikauchunguza kwa nini unaniuma badala ya kunichekesha. Utani unasemwa usoni. Mwenzio anausikia, anapandisha hasira, anarudisha. Ule ambao mhusika hausikii, hata uwe mtamu vipi, haustahili kuitwa utani. Ni kumsengenya mtu kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini kila nikijiona nakwenda kumwambia, naona mlango umefungwa, mrija kwenye kikombe, na Kolumba na shada lake la maua anauliza baba yuko wapi.

Wiki nzima alikula. Mama Kolumba alinitumia ujumbe kila siku, neno moja: Amekula.

* * *

Jumamosi nyumba ilijaa. Kolumba alikuwa na gauni jeupe na viatu vinavyombana, anapita anapokea mikono ya watu. Kina mama walikuwa uani. Sebuleni mkeka ulitandikwa, sinia likaja: ugali mlima mzima, kuku, mboga. Ndugu watatu wa Ngonyani walikaa, mkubwa wao Menrad, mtu mpana mwenye sauti ya kuhubiri, na mimi nikaitwa.

"Huyu Mhehe naye anakula na watu?" akauliza Menrad.

"Nimekuja kuhakikisha hamwibi nyama," nikajibu. "Nawajua."

Ngonyani aliingia kwa mguu wake wa kuburuta, shati la kitenge, glovu mkononi, kidevu juu. Alikaa. Kaka zake walimpa nafasi bila kuonyesha kwamba wanampa nafasi. Maji ya kunawa yakapita. Nikabonyeza simu mfukoni.

Akamega. Sebule nzima ilikuwa inaangalia kuku, lakini hakuna aliyekuwa anaangalia kuku. Tonge likapanda, likaingia, akatafuna. Ndugu yake mdogo akashusha pumzi. Mlangoni Kolumba alikuwa amesimama na sahani ya pilipili, ameisahau, anamwangalia baba yake kama anayeangalia mvua.

"Mdogo wangu," Menrad akasema huku mdomo umejaa, "mbona siku hizi unachimba kisima kwenye tonge? Wamekufanya Mhehe?"

Wakaangua kicheko. Ngonyani naye akacheka. Akamega jingine, na dole gumba lilipozama, kicheko chake kikapungua. Akaligeuza tonge, akalitazama lile shimo.

Mama Kolumba alikuwa ametokea nyuma ya binti yake. Akanitikisia kichwa, taratibu. Nyamaza.

Ningeweza. Menrad alikuwa amenitandikia njia: ni kucheka tu na wengine, kuongeza tusi moja, mambo yapite. Mtani akicheka, kila kitu kinakuwa uongo.

"Amekuwa Mhehe kweli," nikasema. "Huo mkono ni wangu."

Wakacheka zaidi. Menrad alipiga paja. Basi ikabidi niseme neno ambalo mtani hasemi kamwe.

"Safari hii sitanii."

Menrad akarudisha paja la kuku kwenye sinia. Ngonyani alikuwa ananiangalia mimi, siyo mkono.

"Changu hakikuwepo?"

"Hakikuwepo. Wakati wa kula tunavua glovu. Nilikuwa na sikio, na nzi, na karanga. Cha kula kilikuwa changu peke yake. Nikakubandika mimi, na sikukuuliza. Na ukiendelea nacho, mtaalamu wa mazoezi anasema mkono utaotea hicho hicho."

"Kwa hiyo wiki yote hii."

"Wiki yote hii."

Alipeleka mkono wa kushoto, akashika glovu kwa kifundo, akaivuta. Ilikataa kwenye dole gumba, akaimalizia kwa meno. Akaitupa juu ya mkeka. Nilikuwa nimesahau kuzima, kwa hiyo ikabaki pale, tupu, inafinya hewa, inabonyeza shimo, inapanda kidogo, inadondoka, inaanza upya. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Mama Kolumba akapita katikati ya wanaume, akaifunika kwa kawa.

Mkono wa Ngonyani ulikuwa umelala kwenye paja lake. Kaka zake wakaacha kula wote kwa pamoja, mmoja akaanza kufuta vidole. Nikaona Ngonyani anakusanya mguu wake, anataka kuinuka. Niliwaza njia ya kutoka mimi kwanza ili abaki yeye.

Hakuinuka. Alikuwa anaupanga mguu ukae vizuri.

"Mhehe."

"Naam."

"Umesema mkono ni wako."

"Ni wangu."

"Sasa kama ni wako, mbona unanitumia mjumbe?" Akainua kidevu, akawatazama kaka zake mmoja mmoja, kama mtu aliyekalia kiti cha enzi. "Ulete mwenyewe."

Akafungua mdomo.

Menrad ndiye aliyeelewa kwanza. Alicheka mpaka akapaliwa, akapigwa mgongoni. "Mhehe anamlisha Mngoni! Leteni simu, nyie! Wapigieni kwetu! Vita imekwisha leo!"

Nikamega. Nikaviringisha, nikabonyeza shimo kwa mazoea, nikachota mchuzi, nikampelekea. Alichokuwa amemkatalia mkewe na nesi, hata mlango ukiwa umefungwa, alikipokea kwangu mbele ya ukoo mzima, akatafuna polepole, akionja kama hakimu.

"Mbaya," akasema. "Tonge la mtu mwenye njaa ya ukoo. Mega kubwa."

Nikamega kubwa.

"Usibonyeze! Nani kakwambia ubonyeze? Finyanga kwa vidole hivi, kile kidogo kikae pembeni, kinavimba kama bwana harusi. Kolumba, mwonyeshe. Wewe unamega kama mimi."

Kolumba akaweka ile sahani ya pilipili chini, akachuchumaa na gauni lake jeupe, akafinyanga tonge moja hewani mbele ya macho yangu. Mama yake akasema "gauni hilo, we mtoto!" lakini hakusogea.

Nikajaribu. Mchuzi ukanichuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Afadhali," akasema Ngonyani, na mdomo umejaa. "Mama Kolumba, fungua hiyo kawa. Mpe glovu yake aivae."

"Ya nini?" nikauliza.

"Nitakuwa nakwambia, na wewe unamega. Siku ukipata tonge moja nitakalolikubali mwenyewe, hilo ndilo utakalopiga pini, halafu unanirudishia."

"Na nisipolipata?"

"Kazi yako hiyo. Mimi nitakuwa nashiba."

Akafungua mdomo tena, akasubiri.